Kijana kwa Wazee, Mzee kwa Vijana

Serikali haina jina la mtu wa umri wangu. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inasema kijana ni mtu wa kuanzia miaka 15 hadi 35. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee anaanzia 60. Mimi ni wa hamsini na kitu, nimezaliwa Mbozi wakati Wachina wanamalizia reli ya TAZARA, na kwa mujibu wa makabrasha hayo mawili mimi sipo. Hospitalini dirisha la wazee linanirudisha nyuma. Kwenye semina za fursa kwa vijana naulizwa nimemsindikiza nani. Ningevumilia, maana kusahauliwa tumezoea, ila kuna kazi moja nimepewa bila barua ya ajira wala posho: kuwaingiza wazee kwenye intaneti, na kuwaeleza vijana kwamba intaneti haikuanza siku waliyonunuliwa simu.

Nina steshenari hapa Tunduma, mtaa wa ndani kidogo ya barabara kuu ya malori. Msomaji wa Dar es Salaam atadhani steshenari ni duka la madaftari na kalamu. Madaftari nauza, ndiyo, hasa Januari. Siku nyingine zote nauza vidole vyangu. Mtoto anakuja na simu janja yenye kamera tatu mgongoni, anasema, "Anko, niangalizie matokeo." Simu anayo, bando analo, lakini matokeo ya Necta anataka yatoke kwangu, kwenye karatasi, kwa sababu baba yake nyumbani haamini kitu kisichokunjika. Nyuma yake kuna anayeomba mkopo wa elimu ya juu, mwingine anataka cheti cha kuzaliwa, mwingine namba ya mlipa kodi, mwingine leseni ya biashara ya kuuza mitumba. Kila shida ina mfumo wake, kila mfumo una nywila yake, na mwisho wa yote kuna kontro namba ya kulipia. Chini ya meza nimeweka kaunta buku yenye jalada gumu, na humo zimelala nywila za nusu ya mtaa. Barua pepe zao nilizifungua mimi, nywila nilizitunga mimi, na siku nikifa watu wa mtaa wetu wa Kaloleni watakuwa na barua pepe wasizojua wanazo.

Wazee hawataki nywila ngumu. Wanataka jina la mjukuu wa kwanza na mwaka aliozaliwa. Mfumo unakataa, unadai herufi kubwa, tarakimu na alama ya ajabu. Nikaongeza alama ya mshangao mwisho wa kila jina, na sasa ukifungua daftari langu utadhani wajukuu wote wa Tunduma wamezaliwa kwa mshtuko.

Mateso yenyewe yako kwenye namba ya uthibitisho. Mfumo unatuma tarakimu sita kwenye simu ya mzee na kumpa dakika moja. Dakika moja! Mzee wa Kinyiha hajamaliza kuitikia shikamoo kwa dakika moja, maana baada ya marahaba kuna habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na za yule aliyekuwa anaumwa. Simu inalia ndani ya koti la ndani, koti la ndani liko chini ya koti la nje kwa sababu Juni huku ni baridi, na miwani iko mfuko mwingine. Akiipata miwani anaifuta. Akishaifuta anasoma ujumbe wote tangu mwanzo, pamoja na lile onyo kwamba namba hii asimpe mtu yeyote. Ananitazama. Anafikiri. Anaamua kuniamini. Ndipo anasoma kwa sauti ya kisomo cha watu wazima: "Laki nne themanini na tisa elfu, mia mbili kumi na saba." Wakati natafuta tarakimu zenyewe ndani ya hiyo laki, muda umekwisha. Tunaomba nyingine. Miwani imesharudi mfukoni.

Aliyepanga dakika moja hana baba.

Wataalamu wanaotabiri kesho ya intaneti wanasema tatizo hili litajimaliza lenyewe. Wazee wasiojua watapungua, watakuja waliokua na simu mkononi, mambo yatanyooka. Huko Japani, ambako karibu watu watatu katika kila kumi wamevuka miaka 65, hawawezi kusema hivyo, maana wazee ndio wateja na ndio wenye hela. Kwetu inaonekana rahisi. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120, Mkoa wetu wa Songwe peke yake watu 1,344,687, na karibu nusu ya nchi ni watoto. Ungesema njia iko wazi, watoto wataichukua intaneti na wazee watabaki na redio zao. Mimi niliyesimama kaunta naona vingine. Wazee na watoto wanasogeleana kila mwaka unaopita, wanaelewana kwa namna ambayo mimi sielewi, na anayesukumwa nje ya mlango ni huyu wa katikati, mwenye daftari la nywila zao.

Sensa yenyewe nimeitaja, basi niseme na ya mama yangu. Karani alikuwa binti mdogo mwenye adabu, kapiga magoti akasalimia, katoa kishikwambi chake. Akauliza mwaka wa kuzaliwa. Mama akasema amezaliwa mwaka wa nzige wekundu, ile mwisho mwisho, walipokuwa wanatokea bonde la Rukwa na kumaliza mahindi. Binti akatafuta kwenye kishikwambi. Nzige hawamo. Akauliza, "Bibi, unakumbuka tarehe?" Mama akamjibu kwamba nzige hawakuja na kalenda. Wakajadiliana mpaka wakapatana mwaka, na mama akaongeza kwa upole kwamba kama Serikali inataka ule wa kweli, iwaulize nzige. Sikuambulia la kufanya isipokuwa kushika kikombe cha chai. Nimesema wanaelewana.

Kabla ya hapo tulipita kwenye alama za vidole. Mwaka 2019 iliamriwa laini zote zisajiliwe upya kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole. Mwisho ukawa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Nikampeleka mama kwa kijana wa laini, chini ya mwavuli. Kijana akamwekea kidole kwenye kimashine, kikasema hapana. Kingine, hapana. Vidole kumi vyote, hapana. Akavifuta kwa kitambaa, akavipaka mafuta, akamwambia akanawe kwa sabuni arudi. Mama ameshika jembe tangu utotoni na amechuma kahawa ya Mbozi misimu isiyo na idadi. Akaninong'oneza, lakini kwa sauti ambayo foleni yote ilisikia: "Mwambie mjukuu wangu alama zangu ziko kwenye miti ya kahawa. Akazichukue huko." Laini ikaishia kusajiliwa kwa jina la mjukuu wa kweli, mtoto wa dada yangu, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wazee wengi ninaowajua. Kwenye karatasi nchi hii ina vijana wenye laini nyingi mno. Nyuma ya kila laini ya ziada kuna bibi.

Halafu ikaja mbolea ya ruzuku. Agosti 8, 2022, siku ya Nanenane, Rais Samia aliizindua pale Mbeya. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ukashuka hadi shilingi 70,000. Jambo jema, na wakulima wa Songwe hawakuhitaji kubembelezwa. Mkulima anaandikishwa, anapokea namba yake kwa ujumbe wa simu, anaipeleka kwa wakala, anachukua mbolea. Tatizo ni kwamba mama aliandikisha simu ya yule yule mjukuu, na mjukuu anavuka mpaka kila siku kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kuuza soda na biskuti. Kwa hiyo mbolea ilikuwa kwa wakala, Mlowo, mkulima alikuwa shambani, na namba ya mbolea ilikuwa Nakonde, ndani ya mfuko wa suruali ya mtu aliyezima simu asimalize chaji. Nani akatumwa na bodaboda kwenda kuitafuta? Vijana wana shughuli. Wazee miguu inauma. Akatumwa asiye na sera.

Na hapa niseme kidogo kuhusu kuishi mpakani, kwa sababu watu wa Morogoro wakisikia nalalamika mtandao wanadhani tunafanana. Hatufanani. Zambia iko nyuma yetu kwa saa nzima. Ukikaa upande wa chini wa mji, simu janja inajiamulia yenyewe kushika mnara wa ng'ambo. Unakaribishwa Zambia ukiwa kitandani kwako. Salio linakatwa kwa bei ya msafiri ilhali hata viatu hujavaa, na saa ya simu inarudi nyuma bila kukuuliza. Tulikuwa na kikao cha harusi saa kumi jioni. Wenye visimu vya tochi, ambao saa zao wamezitega kwa mkono na hazimsikilizi mtu, walifika saa kumi. Wenye simu janja tulifika saa kumi ile ile, ya Zambia, tukakuta soda zimekwisha na tumepangiwa michango tukiwa hatupo. Wazee walicheka sana. Mmoja alisema simu yake haina akili, ndiyo maana haipotei.

Intaneti nayo iko hivyo hivyo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika hapa kwetu kuungana na Zambia, yaani mawasiliano ya jirani yanapita chini ya miguu yetu. Huduma ya Starlink ya kuvuta intaneti kutoka angani, Zambia waliiruhusu mwaka 2023 wakatutangulia. Katikati ya waya ulioko ardhini na sahani zilizoko ng'ambo, mimi nipo mlangoni kwangu nimeinua simu juu, najaribu kupakia picha ya pasipoti ya mtu kwenye mfumo unaokataa picha yenye uzito wa zaidi ya kiasi fulani, na mteja anauliza, "Bado tu, Anko?" Nikishindwa nasema lile neno ambalo limeunganisha taifa hili: mtandao hamna. Hapo mzee anaitikia kwa kichwa na kijana anaitikia kwa kichwa. Hakuna anayegomba na mtandao hamna. Wanaondoka kwa amani, na ndilo jambo pekee ambalo rika zote tatu tunalikubali.

Sasa nije kwenye sauti, maana hapo ndipo niliponyang'anywa nafasi yangu.

Zamani intaneti ilikuwa ya kuandika. Mimi nilijifunza kupiga taipu Mbeya, vidole kumi bila kutazama, na kompyuta zilipokuja nikaonekana mganga. Miaka ile aliyejua kuandika haraka ndiye aliyekuwa na mtandao. Wazee walikaa kimya, si kwa kukosa la kusema, ila kwa sababu herufi zilikuwa ndogo na vidole vyao vikubwa. Kisha mtu akaweka kile kipaza sauti kwenye WhatsApp. Mpwa wangu akamwonyesha mama: shika hapa, ongea, achia. Akashika. Hajaachia mpaka leo.

Kundi la ukoo wetu lilikuwa la picha za keki na "amina". Sasa ni redio. Mama anaanza asubuhi kabla jua halijatoka, kwa Kinyiha, anawasalimu waliopo mmoja mmoja kwa majina, kisha wasiokuwepo, kisha waliotangulia mbele za haki kwa kuwataja tu. Wanaokumbuka kadi za salamu za Radio Tanzania Dar es Salaam wanajua utamaduni huu. Ulikuwa unanunua kadi, unaandika majina, unasubiri mtangazaji ayasome hewani, na ukisikia lako ulitembea kifua mbele siku nzima. Mama hakuwahi kununua kadi. Sasa yeye ndiye mtangazaji, ndiye mtuma salamu, na ndiye msikilizaji, kwa sababu huwa anajirudia kujisikiliza na kujisifu. Ujumbe wenyewe, kwamba gunia la mkaa limekwisha, unapatikana dakika ya saba.

Wajukuu wanasikiliza wote. Nilishangaa, nikawauliza wanapata wapi subira. Wakanionyesha: wanamsikiliza kwa kasi ya mara mbili. Bibi anatoka pale anaongea kama mtangazaji wa mpira dakika ya tisini, wao wanaelewa kila kitu, wanajibu nao kwa sauti, bibi anawasikiliza kwa mwendo wake, na mazungumzo yanakwenda. Watoto wa 2000 hawaandiki. Bibi wa nzige haandiki. Anayeandika kwenye kundi lile ni mimi peke yangu. Naandika sentensi kamili, nimeanza na herufi kubwa, nimeweka koma, nimefunga kwa nukta. Mpwa wangu akanipigia faragha: "Anko, umekasirika?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Umeweka nukta."

Eti nukta ni hasira. Nilichapwa shule ya msingi kwa kutokuiweka.

Aliyenimaliza kabisa ni Mwalimu. Jina nalihifadhi, lakini kila aliyesoma darasa la saba upande wetu anamjua kwa makofi ya kisogoni. Amestaafu siku nyingi. Mfuko unaomlipa pensheni ulitaka kujua kama bado yu hai, na siku hizi uhai unathibitishwa kwa uso mbele ya simu. Akaja dukani. Nikamshikia simu. Maandishi yakasema geuza kichwa kushoto, akageuza. Fumba macho, akafumba. Tabasamu. Mwalimu akanitazama. "Hii simu inajua inaongea na nani?" Nikamwomba atabasamu kidogo tu, kwa ajili ya pensheni. Akasema amefundisha kizazi kizima bila kutabasamu na hawezi kuanza kwa kulazimishwa na kioo. Tulijaribu hadi chaji ikaelekea kwisha. Mwishowe ilipita pale bodaboda mmoja aliyebeba mbuzi kavaa kofia ya kuendeshea, yaani mbuzi ndiye aliyevaa, na Mwalimu akacheka. Simu ikamnasa. Yu hai.

Mjukuu wake anasoma chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Mbeya, na likizo moja alimwekea ile ChatGPT, akamwonyesha kwamba unaweza kuongea nayo kwa mdomo, kwa Kiswahili, na ikajibu kwa mdomo. Kitu hiki kilitokea Novemba 2022, vijana wakakikimbilia kuandikia barua za kuomba kazi. Ninazichapa mimi hizo barua. Zote zinafanana, zote zina mtu mwenye ari, weledi na uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo, mpaka yule anayeomba kuwa mlinzi wa usiku. Nilidhani basi akili unde ni ya vijana. Kumbe Mwalimu ndiye mtumiaji mkubwa. Vijana wanaitumia kukwepa kazi. Mwalimu anaitumia kufundisha.

Kila jioni anakaa nje ya nyumba yake, simu juu ya stuli, anaihoji. Aliiuliza Kimondo, lile jiwe lililoanguka kutoka angani, kiko wapi. Ikajibu kiko Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mwalimu akaegemea mbele. Akaieleza kwamba Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya Januari 2016, makao makuu Vwawa, na Kimondo hakikuhama, mkoa ndio uliohama juu yake. "Rudia." Ikarudia, ikaomba radhi, ikamshukuru kwa kuisahihisha. Jamani, nilimwona Mwalimu akitabasamu bila mbuzi. Kwa maisha yake yote ya ualimu hakuwahi kupata mwanafunzi anayekubali kosa haraka namna ile. Siku nyingine akajaribu kuiongelesha Kinyiha, ikachanganyikiwa kabisa, ikajibu kitu ambacho si Kinyiha wala si Kinyamwanga. Mwalimu hakukasirika. Alisema itafika, bado ni darasa la kwanza.

Mimi niliwahi kutengeneza riziki kwa sababu kati ya mzee na mfumo palikuwa na herufi. Kama mfumo utajifunza kusikiliza, na Mwalimu ameshaanza kuufundisha, mzee atakuja dukani kwangu kufanya nini? Ataketi kwake aseme, "Niombee cheti cha mjukuu," na kitu kiseme ndiyo Mwalimu, tayari Mwalimu. Na kitamsubiri atafute miwani.

Kuna watakaosema wazee watatapeliwa. Hilo nalo nimeliangalia. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unamfikia mama kila mara. Hatumi. Hajui kutuma. Kutuma kunamtaka aje kwangu, na kuja kwangu kunamtaka anieleze, na akianza kunieleza anagundua mwenyewe kwamba hana deni na mtu wa jina hilo. Ujinga wake ni ulinzi ambao benki haijawahi kubuni. Tapeli mmoja alikosea akampigia, akajifanya mwalimu wa shule, mtoto ameanguka, itumwe hela ya hospitali. Mama akamuuliza ukoo wake. Wakaongea. Alipokata simu alikuwa ameshamjua bibi yake upande wa Ileje na ameshamsihi arudi nyumbani akalime. Mwalimu naye alibonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, akakuta moja asiyoijua, akaifuatilia mpaka ikafungwa.

Walioliwa ni wengine. Mwaka 2009 ilikuwa DECI, upatu wa kupanda mbegu na kuvuna, Serikali ikaja kuzuia na wengi mbegu zimeshakwenda; wale walikuwa watu wazima, wengine wa umri wangu wa sasa. Wajukuu wao wamepanda kwenye programu za simu zinazoahidi malipo kwa kutazama matangazo, na wasiopanda humo wanasuka mikeka ya kubeti kila Jumamosi. Kijana anayenifundisha kwamba nukta ni hasira alikuja wiki iliyofuata kukopa nauli. Kwa hiyo tusiambiane habari za nani anaijua intaneti.

Nimeamua kupandisha bei kabla soko halijanikimbia. Nimechapa tangazo, herufi nene, nimelibandika kwenye nguzo ya mlango. Kubonyezewa, shilingi 500. Kukumbushwa nywila, 1,000. Kutafutiwa mjukuu aliyeko Nakonde, kwa makubaliano. Kusoma ujumbe wangu wenye nukta, bure.

Vijana walipita, wakalipiga picha, wakaliweka kwenye stetasi zao na vicheko. Hakuna aliyelipa. Wazee hawakulisoma, waliniomba niwarekodie kwa sauti niwatumie, wakalisikiliza, wakanijibu kwa dakika sita sita kwamba mimi ni mtoto wao na mtoto hamdai mzazi. Mwalimu peke yake alilisoma lote, amesimama, mikono nyuma. Alichomoa kalamu nyekundu mfukoni, akasahihisha mahali patatu, akaandika juu kwenye kona alama sita kwa kumi na maneno "ongeza bidii". Kisha akalibandua, akaniletea kaunta, akasema nilichape upya na nimtolee nakala moja ya kuweka kwenye faili lake. Hela atalipa pensheni ikiingia.